Uzi Mwekundu Ambao Haukupungua

Nyinyi vijana mnaokalia sasa kiti nilichokiacha, nasikia mnalicheka faili langu. Mmoja wenu alinikuta sokoni Makambako, akaniamkia vizuri kama mtoto aliyelelewa, kisha akauliza, "Mama, hivi kwa nini mstari mmoja tu umeuandikia maelezo marefu namna ile?" Nilikuwa nimebeba kabichi mbili na mvua ilikuwa inaanza, nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Basi kaeni vizuri.

Mstari wenyewe mnaujua. Upo katikati ya faili la XSLT, yaani maagizo ya kompyuta yanayotengeneza lebo za magunia, na juu yake nimeandika: usiongeze kitu chochote hapa juu, hata kama umetumwa na meneja; ukibisha, panda pikipiki uende Mdandu ukamuulize Mzee Lameki. Nilistaafu mwaka jana, na siku ya kukabidhi ofisi nilikabidhi kila kitu isipokuwa sababu ya maneno hayo. Niliona aibu. Sasa nimekaa nyumbani, nina kuku na nina muda, na aibu imepungua.

Kwa mgeni asiyetujua, sisi ni chama cha wakulima wa viazi mbegu. Wakulima wanaleta viazi kwenye ghala letu la Lyamkena, tunavifunga kwenye magunia, vinakwenda kupandwa na watu wengine. Kabla ya kuvuna, mkaguzi hupita shambani akahesabu mimea iliyonyauka. Mnyauko wa viazi si jambo la mzaha. Ugonjwa unaweza kukaa ndani ya kiazi bila kuonekana, ukikipanda unaingia kwenye udongo, na udongo ukishaugua unaweza kukaa miaka bila kutoa kiazi cha maana. Mzee Lameki alikaa miaka sita. Shamba lake liliingiwa, akaacha viazi, akawa anapanda mahindi na maharage, na kila alipokuja mjini alipita ofisini kwetu kuuliza, "Udongo wangu bado unaumwa?" kama mtu anayemuulizia ndugu yake wodini.

Kwa hiyo tuna sheria, na nyinyi mmeikuta. Shamba likikutwa na hata mmea mmoja wenye mnyauko, viazi vyake ni vya kula, si vya kupanda. Lebo ya mbegu safi ni karatasi nyeupe yenye maandishi. Lebo ya viazi vya kula ina ukingo mwekundu mnene pande zote nne, ili hata asiyejua kusoma aone. Taarifa za wakaguzi zinatoka kwenye kompyuta zikiwa XML, maandishi yaliyopangwa kwa alama, na lile faili langu linazigeuza kuwa kurasa za lebo. Ukingo wote ule ni sifa moja tu inayoongezwa kwenye elementi ya lebo, yaani kifungu kinachobeba lebo nzima, kwa sharti: kama mimea iliyonyauka ni zaidi ya sifuri, iweke, kama sivyo, usiweke kitu. Nimeishi na sifa hiyo moja muda mrefu kuliko watu wengine wanavyoishi na wake zao.

Kuongeza sifa kwa sharti alinifundisha Sista Benigna, mtawa wa misheni moja upande wa Njombe, ambako palikuwa na chumba cha kompyuta na mtambo wa kuchapa. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, na yeye hakuliacha hilo lipite hivi hivi. Kazi yangu ya kwanza kwake ilikuwa kalenda ya parokia. "Leo Mlutheri wangu atanipangia sikukuu za watakatifu," alisema, na alicheka mwenyewe mpaka kilemba kikasogea. Siku ya sikukuu ilitakiwa itoke na rangi nyekundu, siku ya kawaida itoke bila rangi.

Nikaliingiza sharti, ambalo kwa lugha ya faili ni xsl:if, ndani ya mabano ya elementi, palepale lilipo jina lake. Nilifikiri, si sifa hukaa humo? Basi na sharti lake likae humo. Kompyuta ikalikataa faili zima. Nilihangaika asubuhi nzima nikibadilisha alama za nukuu, nikizihamisha huku na kule, mpaka Sista alipokuja na kikombe cha chai akainama kutazama.

"Umeingiza nini humo?"

"Sharti, Sista."

"Litoe. Funga mabano kwanza. Elementi ikishafunguka, kitu cha kwanza kabisa ndani yake kiwe hiyo xsl:if, na ndani ya xsl:if uweke xsl:attribute. Hiyo sifa itapanda yenyewe kwenda kukaa kwa mzazi wake."

"Itapanda?"

"Itapanda. Lakini iwe ya kwanza, kabla ya neno lolote. Padri anavaa akiwa sakristia. Misa ikishaanza, haendi tena kutafuta kanzu." Akanywa chai. "Hata mchungaji wenu, nadhani."

Nikafanya alivyosema, na Jumapili za Wakatoliki zikatoka vizuri. Nilijiona fundi. Sista alinipa picha ya mtakatifu mmoja niende nayo nyumbani, nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo ili baba asiione.

Mwalimu wangu wa pili hakuwahi kugusa kompyuta. Ni Mama Tulizo, ambaye bado mnaye pale ghalani na natumaini mnamheshimu. Nilipoanza kazi chamani nilimkuta ameketi juu ya rundo la magunia matupu na shazia mkononi, anashona lebo kwenye gunia ambalo halina hata kiazi kimoja. Nikamuuliza kwa nini asisubiri lijazwe, ajue kabisa ni gunia gani. Alinitazama kwa huruma.

"Dada, gunia likijaa utaingiza mkono wapi kuipokea sindano?"

Magunia ya huku mnayajua yanavyovimba. Likishajaa limekaza kama ngoma, shazia ikiingia haitoki, na ukilazimisha unatoboa kiazi. Lebo hushonwa gunia likiwa tupu. Hapo ndipo nilipokumbuka padri na kanzu yake, nikacheka peke yangu. Nilikuwa na walimu wawili, mmoja mtawa na mmoja mshonaji, wote wameniambia jambo lilelile. Kumbukeni hilo mtakapofika kwenye kosa langu, ili msinihurumie kupita kiasi.

Kabla ya kosa kubwa kulikuwa na dogo, nalo linachekesha, kwa hiyo nitalisimulia kwa raha. Msimu wa kwanza wa lebo za kompyuta, fomu ya mkaguzi ilikuwa na nafasi ya kuandika idadi ya mimea iliyonyauka. Kwa akili yangu, shamba likiwa safi mkaguzi angeiacha nafasi ile wazi, na kwenye XML kisingetokea kitu. Sharti langu likawa fupi: kama kuna maelezo ya mnyauko, weka ukingo. Nikachapa, nikaenda kula.

Niliporudi, lebo zote zilikuwa na ukingo mwekundu. Za kila shamba, kila kijiji. Mimi ni wa hukuhuku, nilipaswa kujua. Shule ya msingi tulifundishwa sote kwamba nafasi iliyoachwa wazi ni kosa na ina viboko vyake. Hakuna mkaguzi wetu hata mmoja, watu wazima wenye familia, ambaye angeweza kurudisha fomu yenye nafasi wazi. Mmoja aliandika sifuri. Mwingine alichora mstari kwa rula. Wengi waliandika kwa mwandiko mzuri, "Hakuna." Kompyuta ilikuwa inauliza kama kuna kitu kimeandikwa, na kweli kilikuwa kimeandikwa.

Wakulima wa Mahongole walifika ofisini wakiwa wamevaa makoti ya mvua na nyuso za msibani. Lakini aliyenitisha ni Mama Tulizo. Yeye alikuwa amejiwekea utaratibu wake, ambao hakuna aliyemwagiza: lebo nyeupe alizishona kwa uzi mweupe, lebo zenye ukingo alizishona kwa uzi mwekundu, ili mpakiaji aone hata kwa nyuma. Alikuja na mkono mtupu.

"Donge la uzi mwekundu limekwisha kwa siku mbili. Ama niletee uzi, ama niletee viazi vizima."

Nikalibadilisha sharti liulize namba na si maandishi: kama idadi ni zaidi ya sifuri. Mstari, sifuri na "Hakuna", vyote vinajibiwa hapana, kwa kuwa neno "Hakuna" haliwezi kuwa kubwa kuliko sifuri hata uliandike kwa herufi za dhahabu. Tangu siku hiyo nauliza kwanza mtu anaijazaje fomu, ndipo niandike sharti.

La kisanduku nalo niliseme, kwa sababu bado mnalifanya, nimeona. Kwenye ukurasa wa wakaguzi kulikuwa na kisanduku cha tiki: shamba limekaguliwa au bado. Mimi nikaandika sifa iitwayo checked, ile ya kuweka tiki, kila mahali, thamani yake ndiyo au hapana. Ukurasa ukafunguka mashamba yote yana tiki, hata yale ambayo hata mbegu haijatiwa. Nilimpigia simu Sista Benigna nikilalamika kwamba kompyuta za siku hizi haziheshimu neno hapana.

"Kivinjari hakisomi ulichoandika," akasema. "Kinatazama kama sifa ipo. Ikiwepo, ni tiki, hata ukiandika hapana mara mia. Kama hutaki tiki, sifa isiwepo kabisa. Jifunze kunyamaza, Vumilia."

Alikuwa anasema juu ya kisanduku, lakini pia alikuwa ananisema mimi.

Sasa kosa lenyewe. Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, na ndio mwaka mkaguzi alipomwambia Mzee Lameki kwamba udongo wake umepona. Alikuja ofisini amevaa koti la kanisani, siku ya kazi, kuagiza magunia manane ya mbegu za kupanda. Hakukaa. Alisema amekuja tu tuone uso wake ukiwa na furaha, maana miaka yote tumeuona ukiwa na swali.

Wiki hiyohiyo meneja aliingia akasema wakulima wanataka jina la kijiji mbegu zilikotoka lionekane juu kabisa ya lebo, kwa herufi kubwa. Jambo dogo. Ilikuwa karibu saa kumi, nami nilikuwa na mazoezi ya kwaya. Naimba sauti ya pili na sisi wa sauti ya pili tulikuwa wawili tu. Nikafungua faili, nikaweka jina la kijiji mwanzo kabisa ndani ya elementi ya lebo. Juu ya xsl:if. Juu ya kila kitu. Nikachapa lebo moja ya majaribio ya shamba safi, jina likatoka kubwa na zuri, nikawahi kwaya.

Mmeshaona nilichofanya. Elementi ikishapokea maneno, muda wa kuipa sifa umepita. Zipo programu ambazo hapo husimama na kukataa kazi. Yetu ya wakati ule haikusimama. Iliidondosha ile sifa, ikaendelea kuchapa, na ikaandika onyo kwenye faili la maonyo ambalo nilikuwa nimelitengeneza mimi mwenyewe ili maonyo yasinijazie skrini. Tangu nilitengeneze sikuwahi kulifungua. Na lebo yangu ya majaribio ilikuwa ya shamba safi, ambalo halikuhitaji ukingo, kwa hiyo haikuweza kunionyesha lolote. Kwa wiki tatu kila gunia lililotoka Lyamkena lilitoka na lebo nyeupe.

Mama Tulizo alikuja ofisini asubuhi moja, akaweka donge la uzi mwekundu juu ya meza yangu, katikati ya karatasi.

"Kamwene, Mama Eliza," akaniamkia kwa jina la mwanangu.

"Kamwene, mama. Uzi umekwisha tena?"

"Haupungui," akasema. "Wiki ya tatu hii haupungui."

Nikamwambia kwa uchangamfu kwamba labda mwaka huu wakulima wamelima vizuri.

"Kwa mvua hii?" Hakuketi. "Mimi nakaa Mahongole. Kabla hawajavuna nilipita kwa miguu pale bondeni, nikaiona mimea imelala mchana kweupe. Viazi vya shamba lile nimevishonea lebo kwa uzi mweupe. Nimeshona kwa sababu karatasi ilisema hivyo. Sasa nakuuliza wewe, karatasi ilisema kweli?"

Nilifungua faili la maonyo mbele yake. Lilikuwa na mistari mingi, yote inafanana, na kila mstari ulikuwa gunia. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja. Akauliza nani aligundua. Nikasema uzi. Akaamuru ghala lifungwe tuhesabu. Magunia mengi ya lile shamba la Mahongole yalikuwa bado yamepangwa ukutani. Yaliyokuwa yameondoka ni manane tu, na sikuhitaji kusoma daftari kujua yamekwenda kwa nani.

Simu ya Mzee Lameki haikupatikana, kama kawaida ya simu yake. Gari la chama lilikuwa Njombe. Nilichukua bodaboda, na yule kijana akaniuliza kama naenda msibani nikamwambia bado sijajua. Njia ya Mdandu ilikuwa tope tupu. Mara mbili tulishuka tukaisukuma pikipiki, na nilifika nikiwa mwekundu mpaka magotini.

Nilimkuta amesimama ukingoni mwa shamba na jembe begani, amevaa kofia ya sufu.

"Kamwene, mama. Mbona umewahi? Watu wanakuja Jumamosi."

Nikamuuliza kama wameshaanza kupanda. Akanionyesha kona ya chini, ambako kulikuwa na mistari miwili mipya. Kwao, aliniambia, mistari ya kwanza hupandwa na mwenye shamba na mkewe peke yao, kabla jirani hajaitwa. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Walikuwa wameipanda jana, wao wawili, polepole. Jumamosi majirani wangekuja na majembe yao na shamba lote lingekwisha kabla ya jua kuzama. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Njiani nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri. Yote yalikuwa yamebaki topeni.

"Mzee, zile mbegu si mbegu. Shamba zilikotoka lina mnyauko. Lebo ilitakiwa iwe na ukingo mwekundu, haikuwa nao."

Aliteremsha jembe. Aliitazama ile kona, nami nilitamani anigombeze yaishe.

"Kompyuta imekosea," akasema.

Alikuwa ananifungulia mlango. Mzee yule ni mzee wa kanisa, amezoea kuwapa watu njia ya kutoka bila kuaibika. Ningeweza kupita hapo na hakuna mtu Mdandu nzima ambaye angejua.

"Hapana, mzee. Kompyuta iliandika onyo, mimi sikulisoma. Na mimi ndiye niliyeweka jina la kijiji mahali ambapo hapakuwa pake."

"Jina la kijiji. Lile la Mahongole?"

"Hilo."

"Limeandikwa vizuri," akasema. "Kubwa. Nililisoma bila miwani."

Sikujua nicheke au nilie, nikalia. Mkewe alitoka jikoni akaniuliza nani kafa.

Tulifukua mistari ile miwili sisi watatu, kiazi kimoja kimoja, mimi kwa mikono kwa sababu jembe lingevikata. Mzee alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, maana alikumbuka idadi aliyopanda, na hakuondoka mpaka ilipotimia. Udongo wa kona ile hatukuwa na njia ya kujua kama umeguswa au haujaguswa. Yeye aliamua kuuhesabu kuwa umeguswa, akapigilia vijiti kuuzunguka, akaosha jembe lake na mikono yetu ndani ya vile vijiti. Miaka sita mingine kwa kipande kile. Alilisema hilo bila kunitazama, kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko ukali wa meneja ulivyoniuma baadaye.

Tulipoingia ndani mkewe alituchemshia sufuria ya viazi kutoka kwenye yale magunia manane. Nilisita.

"Kula," mzee akasema. "Si umesema ni vya kula?"

Vilikuwa vitamu, nasema ukweli. Wakati naaga aliniomba kitu kimoja: nimletee ile lebo yake, ilivyotakiwa kuwa. Kesho yake gari la chama lilimpelekea mbegu safi, na mimi nikaenda nalo nikiwa na lebo yenye ukingo mwekundu na jina la Mahongole kubwa juu. Aliiweka ndani ya mfuko wa plastiki akaipigilia kwenye kijiti cha ile kona. Jumamosi majirani walikuja, shamba likapandwa lote isipokuwa pale. Kila nilipopita Mdandu miaka iliyofuata niliiona, wino umefifia lakini ukingo unaonekana.

Kwa hiyo, watoto wangu, ndiyo maana ya maelezo yangu marefu. Kazi mliyoikuta niliitengeneza baada ya siku ile. Sifa zote zenye sharti zinakaa juu, kabla ya neno lolote. Onyo likitokea, uchapaji unasimama. Msiuondoe huo utaratibu kwa sababu unawachelewesha chakula cha mchana. Lebo ya kwanza kuchapwa kila asubuhi ni ya shamba lenye ugonjwa, la kubuni, na anayeiangalia ni Mama Tulizo, si nyinyi. Mkiipa elementi sifa ileile mara mbili, ya mwisho ndiyo itakayoshinda, kwa hiyo msidhani ya kwanza bado ipo kwa sababu mliiandika kwa juhudi. Nimeona pia mtindo wenu mpya wa kuliweka sharti ndani ya mabano yaliyopinda, katikati ya thamani. Ni mzuri na ni mfupi. Lakini sharti likikataa, linaacha sifa tupu imening'inia, ipo na haisemi kitu, na siku moja kuna programu itakayoitazama kama kile kisanduku cha tiki. Kama hakuna cha kusema, sifa isiwepo.

Sista Benigna ameshazeeka sasa, yuko nyumba ya watawa wazee. Nilipomsimulia kisa hiki aliuliza tu kama nilifika kwaya. Nikamwambia nilifika. Akasema basi angalau Walutheri waliimba vizuri siku hiyo.

Siku ya kuniaga mnaikumbuka, mlipika pilau na meneja akasoma hotuba yenye tarehe zote. Hamkumwona Mzee Lameki alipoingia kwa mlango wa nyuma wa ghala, kwa sababu yeye hapendi hotuba. Anatembelea fimbo siku hizi. Alikuwa na mfuko mdogo wa gunia, wa kilo chache tu, umeshonwa mdomo na una lebo ya chama.

"Vya ile kona," akasema. "Mkaguzi wenu amepita mara mbili. Vya kwanza vinakuja kwako."

Nilimwita mmoja wenu, anajijua, nikamwambia aache pilau anifungulie ukurasa uliotoka na lebo ile. Alidhani uzee umeniingia. Nilisoma elementi ya lebo kuanzia mwanzo: jina lake, mabano yamefungwa, kisha jina la kijiji, Mdandu. Hapakuwa na sifa ya ukingo. Hapakuwa hata na sifa tupu. Nikarudi kwa mzee nikauchukua ule mfuko, nikaugeuza kutazama mshono wa Mama Tulizo kwa nyuma.

Uzi ulikuwa mweupe.